Shangazi Ngaire Ameanza Mbio

Siku ya kwanza, nguzo tatu za umeme tu,
akarudi anahema, akatuonya tusimcheke.
Tukacheka.

Leo ni ufukoni Taranaki, mchanga mweusi kama masizi,
nambari mia nne na mbili imempinda kifuani.
Amenikabidhi miwani na meno ya bandia:
"Ukiyaangusha, usirudi nyumbani."

Maji yalikupwa; sasa yanajaa.
Waliotangulia walipita pakavu,
yeye bahari inampima magoti,
na viatu vya marehemu Rewi, saizi moja zaidi,
vinacheua maji kila hatua.

Wa mwisho ila mmoja,
na huyo mmoja ni mbwa wa mtu.

Ananyoosha mkono. Nadhani anataka maji.
Anataka meno,
apigwe picha.