Mteremko

Watu husema kazi rahisi ni mteremko.
Hao hawajashika usukani wa tani mia na kumi,
chokaa mgongoni, barafu chini ya matairi,
saa kumi na mbili na robo, Januari,
milima ya Jura haijavua bado ukungu wake.

Lakini sikatai. Kuna kitu hapa kinachofanana na bure.
Napanda mtupu, betri inasoma sabini na nane,
kisha sabini, kisha sitini na sita kule juu
ambako shoveli inanimwagia mara saba na kiti kinazama.
Nageuza pua kuelekea bondeni,
nainua mguu, basi.
Mota zilizokuwa punda zinakuwa wakamuaji:
uzito wenyewe unakamuliwa,
na namba inaanza kurudi,
sitini na saba, sitini na tisa,
kwenye kona ya msalaba wa chuma sabini na tatu,
kinuni themanini.
Nimefika na zaidi ya nilichoondoka nacho.

Baba aliendesha njia hii hii miaka thelathini na mmoja
kwa dizeli. Mlima haukumlipa hata senti.
Kila alichoshuka nacho alikichoma kwenye breki,
joto likaenda kuwapasha kunguru.
Alirudi akinuka chuma kilichoungua,
na mama, aliyefunga kamani za saa kiwandani,
vidole safi kama vya mkunga,
alimwambia avue koti nje ya mlango.

Masikio yake yamebaki ndani ya injini ile.
Nilimpandisha siku moja, mzee Armand Jeanguenin,
kofia magotini kama yuko kanisani.
Alitazama namba ikipanda sisi tukishuka,
akagonga kioo kwa ukucha
kama mtu anayegonga saa iliyosimama.
“Inadanganya,” alisema, kwa sauti kubwa ya viziwi.
Hakutia neno tena mpaka kinuni.
Hapo ndipo aliponiuliza:
“Na mlima je? Nani anaujaza mlima?”

Nikajifanya kiziwi mimi.

Wiki ya pili ya Februari, Duarte, kijana wa Kireno,
ana siku kumi na moja kazini,
aliliacha lori juu usiku akalichomeka kwenye umeme
kwa wema tu. Asubuhi: mia kwa mia.
Aliniambia kwa fahari ya mtu
aliyekutilia vijiko vinne vya sukari bila kuuliza.
Nikapakiwa. Nikageuza pua. Nikainua mguu.

Hakuna.
Betri iliyoshiba haipokei.
Mota ziliachia mikono, na tani zote
zikanisukuma kama umati mlangoni,
nikakanyaga breki ya chuma, ile ya zamani,
ile tuliyoipaka mafuta kila mwezi
kama unavyomsalimia jirani usiyemhitaji.
Kona ya msalaba niliipita nimeuma ulimi.
Ndipo harufu ikaingia dirishani:
koti la baba, kwenye msumari wake, nje ya mlango,
theluji juu ya kola.

Sikumgombeza Duarte. Mikono ilikuwa ikinitetemeka
na kahawa ilimwagika yote kwenye glavu.
Nilimwambia tu alichokuwa akisema mama:
kamani usiikaze mpaka mwisho,
saa nayo inataka pa kupumulia.
Akaandika kwa chaki mlangoni, herufi kubwa,
kwa Kifaransa chake kilichopinda:
HUKU JUU USINISHIBISHE.
Mvua imefuta mara mbili. Ameandika tena.

Jumapili nilikwenda kumkatia baba kucha.
Dirishani mwa jikoni, juu ya bega la mlima wetu,
unaonekana mnara wa kanisa la kijiji cha ng’ambo,
jogoo wake wa shaba na yote.
Mwaka niliozaliwa, asema, haukuonekana.
Alinionyesha kwa kijiko,
kisha akaendelea kukoroga.