Kipande B

Chupa ya maabara iliyoandikwa NaCl
ilikuwa tupu tangu muhula wa kwanza,
basi Mwalimu Thembo akaniambia: Biira,
wewe si wa Katwe? Lete chumvi.

Nikaleta donge la kijivu ndani ya soksi.
Likatwangwa, likakorogwa.
Kiazi kikakatwa kwa wembe, sentimita tano kwa rula:
A ndani ya maji ya mvua,
B ndani ya ziwa letu.

Dakika arobaini za kungoja.
Baluku akanakili ubaoni:
sodiamu ina elektroni moja ya ziada, inaitoa;
klorini imepungukiwa moja, inaipokea.
Ya kwanza hulipuka ikiguswa na maji,
ya pili ni sumu mapafuni.
Zikishikana, tunazila kwa mayai.

A kikatoka kigumu, kimerefuka milimita mbili,
ukikivunja kinalia ka!
B kikaning'inia kidoleni kama kamba ya kiatu.
Darasa zima likacheka.

Mimi nilikifahamu kipande B.
Ni kidole gumba cha mama saa kumi jioni,
akitoka kidimbwini, magoti yamechanika.
Husimama mlangoni, hunywa jagi zima
kabla hajatuuliza hata hali.

Najua, ngozi si utando wa kiazi.
Mwalimu alinisahihisha: ngozi huzuia.
Sawa.
Na palipopasuka, je?

Ziwa letu halina mto wa kutokea.
Jua ndilo mlango wake wa pekee:
maji hupaa, fuwele hubaki,
na mama hubaki na fuwele,
akizikwangua kwa chuma, akizirundika ukingoni,
akingoja lori la Kasese linalopanga bei lenyewe.

Kwenye mtihani wakauliza:
Eleza kilichotokea kwa kipande B. Alama tatu.
Nikaandika: Maji yalihama kupitia utando,
yakatoka yalikokuwa mengi
yakaenda yalikokuwa machache,
bila kusukumwa, bila kulipwa.

Karatasi ikarudi na alama mbili.
"Bila kulipwa" imekatwa kwa wino mwekundu,
mstari mnyoofu, wa rula.
Lakini pembeni, kwa penseli,
kwa mwandiko mdogo usio wa kusahihishia:

Gunia sasa ni shilingi ngapi?