Maneno Hamsini

Fomu imeletwa Jumatatu, inatakiwa Alhamisi kabla ya saa sita.
Jina. Shahada. Simu ya ofisini.
Halafu kisanduku kimoja, cheupe kama ukuta wa Ibra saa nane mchana:
*Eleza unayofundisha na unayotafiti. Maneno yasizidi hamsini.*

Harubu amemaliza zamani.
Anafundisha hesabu, anatafiti migawo ya maji ya falaji:
namna wazee walivyougawa usiku kwa nyota,
nusu saa kwa mitende ya huyu, robo kwa mayatima wa yule,
na nyota ikifichwa na wingu, nani ale hasara.
Maneno thelathini na manane. Amebakiza chenji.

Lissy wa maabara, mwana wa Kerala, miaka kumi na tisa hapa,
anachemsha ubani wa Dhofari
na kuuliza kila chozi lilitoka mti gani.
Yeye kaandika kanuni tupu, herufi na tarakimu,
kompyuta ikahesabu yote kuwa neno moja.
Tukacheka mpaka chai ikapoa.

Mimi niliandika "isimu", nikafuta.
Nikaandika "mgusano wa lugha", nikaona haya
kama mtu aliyemwita mamaye kwa jina la pasipoti.

Kwani ninachotafiti ni nini hasa?
Ni daftari la bibi yangu Shinuna,
aliyeshuka Maskati na masanduku mawili na mbuzi wa kukunia nazi,
akaja kukaa mji usio na mnazi hata mmoja.
Orodha za dukani, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu:
binzari, sabuni, uzi mweusi, deni la Salum riali tatu.
Na pembeni, bila tarehe, neno moja peke yake:
*basi.*
Miaka sita ninaliandikia makala neno hilo.
Ni basi ya kuchoka? Ya kushiba?
Au ni basi la shule lililochelewa, na wajukuu wako juani?

Ni kwa nini fedha alizihesabu kwa Kiarabu,
lakini akijikwaa, alijikwaa kwa Kiswahili.
Ni kwa nini mama alitukemea kwa lugha moja
na usiku, akidhani tumelala, akatuombea kwa nyingine.
Ni mimi mbele ya wanafunzi ishirini na wawili
nikifundisha lafudhi, na ghafla nikaisikia yangu.

Alhamisi, saa sita kasoro dakika kumi, nikabandika yote.
Mashine haikubishana. Ilikata tu.

Jumapili orodha ya walimu ikatundikwa ukutani, njia ya maktaba,
picha yangu jicho moja limefumba,
na maelezo yangu yakaishia hivi:
*orodha za dukani, madeni, na kwa nini bibi yangu*
Hapo. Hata nukta hakuna.

Mkuu wa kitivo amesema ni uzembe.
Lakini tangu siku hiyo mlango wangu haupumziki.
Wanakuja wa uhasibu, wa uhandisi, ambao sijawahi kuwafundisha,
wanasimama nusu ndani nusu nje:
Mwalimu, kwa nini bibi yako nini?

Leo kaja Ghanim wa mwaka wa kwanza,
pindo la kanzu lina matope ya wadi.
Yeye hakuuliza. Alisema:
Bibi yangu, mlango ukijibamiza kwa upepo, huuambia "pole".
Kisha akatazama chini
kama aliyetoa siri ya nyumba.

Nikamvutia kiti. Nikatafuta kalamu inayoandika.
Mlango upi, nikamuuliza.
Wa mbao, au wa chuma?