Wasio na Kibiriti

Meza yetu imekaa juu ya mipira ya ndani ya baiskeli,
minne, imejazwa upepo nusu,
kwa sababu stesheni haiko mbali,
na mabehewa yakigongana kule, Tabora nzima hutikisika kidogo,
kidogo ambacho wewe hukisikii.
Sindano hukisikia.

Sindano yenyewe huioni ncha. Chukua unywele,
uuchane kwa urefu mara elfu,
uteue uchane mmoja, uuvike platini.
Huingia katika chembe nyeupe ya damu
na chembe haishtuki, inaendelea na kazi
kama mama anayesonga ugali huku mtoto kamshika kanga.
Tunakiita kihisi. Hakihisi kitu.
Kinahesabu cheche tu. Anayehisi ni mimi.

Maana chembe hizi huua kwa moto.
Zikimkuta bakteria humzunguka, humkumbatia, humeza;
kisha ndani, gizani, katika kifuko kidogo,
huigeuza pumzi kuwa sumu.
Kwenye skrini mstari unaruka: mtu kawasha.
Nimeuona ukiruka katika damu ya mlinzi wetu,
ya Dokta Kapela mwenyewe,
ya mwanachuo wa ualimu aliyelipwa soda na nauli.

Damu ya Mhoja haikuruka.

Miaka sita, wa Isevya, shingo imejaa makovu ya majipu.
Nikabadili sindano, huenda imekufa.
Nikangoja treni ya mizigo ipite.
Chini ya hadubini askari wake walikuwa wamefika wote,
wamemeza, matumbo yamejaa wageni,
na wageni wako hai, wanagawanyika,
kama wapangaji waliopewa chumba na chakula juu.
Mstari umelala chali.

Mama yake, Kalunde, akaniuliza: "Kwani ni wavivu?"
Miaka sita ameambiwa ni uchafu wake,
ni maziwa yake, ni wifi wa Urambo
ambaye mahari haikumridhisha.
Nikasema: si wavivu. Wamekwenda, wamefika,
wamemkamata adui kwa mikono mitupu.
Hawana kibiriti, basi.

Akanyamaza. Kisha akapandisha mkono wa blauzi.
"Nipime na mimi."

Nilijua nitakachokikuta, na nilitamani nisikikute.
Chembe ya kwanza ikawaka. Ya pili kimya.
Ya tatu kimya. Ya nne, moto hadi ukingoni mwa skrini.
Nusu wanacho, nusu hawana,
na hapo alisimama, mzima,
amebeba ndoo maisha yake yote kwa nusu ya jeshi;
na ile nusu ya giza ndiyo aliyompa mwanawe
bila kujua, kama mtu anavyorithisha masikio.
Nilimwambia? Nilimwambia.
Si siku hiyo.

Siku hiyo nilimuuliza anampaka nini.
Akatoa kikapuni chupa ya Konyagi: asali ya Sikonge,
nyeusi, ya miombo, na mguu wa nyuki ukielea shingoni mwa chupa.
"Naichanganya na maji. Manesi wananigombeza."
Umeme ulikuwapo, treni haikuwapo.
Nikadondosha tone kwenye maji, tukangoja chai ichemke,
nikashusha sindano.

Mstari ukapanda.
Bila kuruka; ulipanda taratibu, kama kuni mbichi
inayokubali moto kwa shingo upande.
Sumu ileile, kwa kipimo cha nyuki.
Dokta Kapela akaegemea ukuta akiwa na kikombe chake
na hakunywa.

Asali haifiki kwenye ini, hilo alimweleza wazi.
Akaandika septrini, kila siku, bila kuruka hata moja,
mpaka mtoto aote ndevu na baada ya ndevu.
Ila kidonda cha shingoni, akasema, endelea nacho,
na manesi nitaongea nao mimi.

Mhoja alitaka kuona. Tukamsimamisha juu ya stuli.
"Hiyo inayopanda ni damu yangu?"
Hapana. Ni asali.
Akaitazama muda mrefu.
"Basi nitieni ndani."

Mabehewa yakagongana. Mstari ukayumba wote,
nasi tukasubiri utulie.