Uzi Niliokata

Mkasi huu ninao tangu chuo.
Umekata bandeji, plasta, nyuzi za mishono,
na mwaka wangu wa kwanza wodi ya watoto,
saa kumi na moja alfajiri, ziwa bado jeusi dirishani,
ulikata uzi kiunoni mwa mtoto wa Nyanzala.

Uzi tu. Mweusi, umekunywa jasho na samli,
una mafundo matatu na kijiti kama njiti ya kiberiti.
Kanuni ilikuwa ukutani, imepigwa muhuri:
kabla ya upasuaji, vua kila kitu.
Nikavua. Nikatupa kwenye ndoo nyekundu
pamoja na pamba.

Mama yake hakupiga kelele.
Aliitazama ndoo, akanitazama mimi,
akafunga kanga upya, polepole,
kama mtu anayefunga mzigo.
Tulipoleta machela, kitanda namba tisa kilikuwa kitupu,
shuka limekunjwa vizuri kuliko tunavyokunja sisi.

Walisema alipanda meli ya asubuhi kwenda Nansio.
Sijui.
Hadi leo nikienda Kirumba kununua dagaa
natazama viuno vya watoto.

Kuuliza sikujifunza chuoni.
Nimefundishwa na Nyanjige, mfagizi wetu,
anayeegemeza dekio ukutani kila tunapokwama,
kwa kuwa anacho Kisukuma cha mama yake,
Kikerewe cha mumewe,
na Kijita cha jirani waliyeazimana sufuria miaka ishirini.
Madaktari humwita "wewe, hebu njoo."
Mimi namwita mwalimu. Hucheka, akikamua dekio.

Siku moja nilimuuliza mzee Masunga wa Magu:
"Maumivu yako, babu, kati ya moja na kumi, ni ngapi?"
Akanyamaza. Nikarudia kwa sauti kubwa,
kana kwamba kutoelewa ni uziwi.
Nyanjige akatua ndoo.
"Huyo muulize kwa ng'ombe."
Akamuuliza yeye mwenyewe, kwa ng'ombe.
Mzee akafumba macho, akapita zizi zima:
"Mwaka wa ukame walikufa thelathini na wawili.
Haya ni ya siku alipoanguka ndama wa kwanza.
Sijalia bado. Ila usingizi umeniaga."
Niliandika: saba.
Nikafuta, nikaandika alivyosema.
Daktari Rweyongeza alisoma, akakuna kidevu,
akaongeza dawa.

Nyamhanga wa Sirari yeye alijibu haraka: "Mbili."
Mbili, na huku ameshika chuma cha kitanda
hadi chuma ndicho kikalia.
Nikaandika kilio cha chuma.

Bado nakosea.
Juzi nilimpa bibi wa Ukara uji kwa mkono wa kushoto,
wa kulia ukiwa umeshika dripu.
Alipokea, akashukuru,
akasubiri nitoke ndipo anywe.
Kikombe nilikikuta kimejaa hadi nusu,
na nusu ile najua ni yangu.

Leo asubuhi, mama kutoka Sengerema.
Mtoto wa miaka minne, tumbo limejaa kama ngoma.
Aliona mkasi mfukoni mwangu,
kiganja chake kikaenda kiunoni mwa mwanawe, kikakaa pale.
Niliuweka mkasi ndani ya droo. Nikafunga droo, asikie.
"Nani alimfungia?"
"Bibi yake. Ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake."

Tukapatana: kiunoni kisu kinapita,
kifundo cha mguu hakina kazi leo.
Nitauvingirisha kwa shashi safi, nitabandika plasta,
na juu ya plasta, kwa kalamu nyekundu: USIKATE.
Aliniambia niandike kubwa zaidi. Nikaandika.

Akaanza kufungua mwenyewe.
Fundo la kwanza. La pili.
La tatu lilikuwa limekaza, akainama, akatumia meno.
Kule ndani waliita jina la mtoto.
Waliita tena, safari hii na jina langu.
Nikasubiri.