Kipimo cha Mshazari

Nilipima ukuta kwa futikamba ileile
ninayopimia viuno vya wanawake wa Umoja:
kutoka msumari wa kalenda hadi ukingo wa pazia,
inchi thelathini na nne, na kidole.
Nikaandika kwa chaki mgongoni mwa mkono.

Elfu kumi na sita na mia tano.
Sare za shule za Januari zimo humo,
kola mia mbili na kitu,
na gauni la Moraa, lililolipwa nusu,
nusu ya pili akaileta juzi, mbio,
kama mtu anayerudisha kaa la moto la kuazima.

Luthuli, saa nne asubuhi.
Vioo vimepangwa toka sakafuni hadi darini
na vyote vinaonyesha kasuku mmoja,
chungwa moja linalokatwa polepole,
maporomoko ya maji yasiyomlowesha mtu.

Kijana wa duka, Kipng'etich,
tai yake imefungwa vibaya, nusura niinyooshe:
"Mama, hii ni arobaini na tatu. Ni smati. Ina intaneti."
Intaneti yangu ni bando ya shilingi ishirini,
hukatika ugali haujaiva.
"Rahisi huvunja upishi," akanionya.
Na ghali huzima jiko, nikamjibu,
nikatoa futikamba mkobani.

Hapo ndipo nilipojua:
kioo hakipimwi bega hadi bega.
Hupimwa pembe hadi pembe, mshazari,
kama tunavyokata kitambaa cha upindo
ili kinyumbuke shingoni.
Thelathini na mbili yao ni ishirini na nane yangu.
Nikacheka peke yangu. Miaka kumi na tisa ya mkasi
na bado duka linanifunza hesabu.

Nikaenda kushoto, nikaenda kulia,
nikachuchumaa. Watu wakanitazama.
Kwetu ni chumba kimoja: Nyaboke hukaa kitandani,
baba yake juu ya ndoo yenye kifuniko,
mimi kwenye cherehani, ubavuni kabisa,
na kioo kikimnyima rangi aliye pembeni
kimeninyima mimi.

Kisha nikasema: toa kasuku. Niwekee habari.
Akasita. Akaenda kutafuta waya wa antena.

Msomaji wa habari akatokea
kwenye vioo vitatu vya bei yangu.
Katika cha kwanza alikuwa na ngozi ya karoti.
Katika cha pili, ya majivu, kama aliyelala njaa,
na chini ya kidevu, palipo na kivuli, shimo tu.
Cha tatu kilikuwa na chapa nisiyoijua,
jina kama la dawa ya kikohozi,
na humo msomaji alikuwa mweusi.
Weusi wa kawaida, wenye wekundu chini yake,
weusi ninaoutafuta nikichagua uzi
wa suti ya mtu wa heshima,
ule usiogeuka kijani ukitolewa juani.

Hiki, nikasema.
"Hicho hakiulizwi sana, mama."
Ndiyo maana utanipunguzia.

Elfu kumi na nne na mia saba, antena ndani.
Waranti ya mwaka mmoja nikaikunja
katika daftari la vipimo,
kati ya kiuno cha Moraa na bega la mteja wa Jumanne.
Kilichobaki kikawa cha stima,
cha kutundikia hakikuonekana.

Basi kinakaa juu ya meza ya cherehani,
na saa moja hadi saa tatu usiku mashine imelala.
Nakaa kitandani na Nyaboke,
miguu yangu ikikanyaga hewa, kwa mazoea.

Jana mume wangu akasema kioo ni kidogo.
Nikamwambia asogeze ndoo.

Boksi? Boksi nimelikata.
Patani tatu za kola, na moja ya mfuko.