Kipengele cha Tano

Kiinua mgongo kilipoingia nilikwenda Nala
kabla shemeji zangu hawajapata habari.
Miaka thelathini na moja masijala,
nikifungua na kufunga majalada ya viwanja vya watu,
folio, mhuri, tarehe, kabatini.
Mgongo wenyewe ulishainama zamani.
Kilichoinuka ni namba kwenye karatasi ya benki.

Dalali Sakalani, viatu vyake vya ncha,
aliruka miiba kama mbuzi wa kwao:
"Hapa kiwanda. Pale kiwanda.
Kule, mama, wanasema kiwanda."
Kidole chake kilipita juu ya uwele na vumbi
na ng'ombe wawili wasiojali.
"Baada ya miaka mitatu utanikumbuka."
Nimemkumbuka. Hapokei simu.

Shamba lilikuwa la Foibe Malogo.
Alihesabu pesa mara mbili,
ya tatu akampa mjukuu ahesabu,
kisha akasema kuna neno moja bado.
Mtendaji akacheka, akaandika, kalamu ikikwama:
*Tano. Muuzaji atachuma mlenda
kiwanjani humu kila kifuku.*
Nami nikacheka, nikasaini.
Kidole gumba chake kikaacha doa la buluu
pana kuliko jina langu.

Nikajenga vyumba sita, mlango kwa mlango,
choo nyuma, tangi la lita elfu mbili
linalomngoja dereva wa boza
kama bibi harusi anavyongoja mahari iliyosalia.
Kiwanda cha alizeti kikawasha mitambo mwezi wa sita.
Tangu hapo nguo zetu kambani zinanukia mashudu,
hata shuka, hata kanga ya kanisani.
Wapangaji wakaja: dada wawili wa Kolo,
Gidioni wa Mkalama, wa zamu ya usiku,
na fundi mmoja wa boila asiyesema alikotoka
ila hulipa tarehe moja, asubuhi, noti zimenyooka.
Elfu thelathini na tano kwa chumba.
Toa maji. Toa umeme. Toa kitasa alichovunja Gidioni.
Kinachobaki
nakijua mimi na daftari.

Mwaka wa nne nikaweka pevingi ua mzima,
maana tope lilikuwa linaingia vyumbani
na mpangaji mwenye tope ana maneno.
Tofali zikalala kijivu, ukuta kwa ukuta.
Nikazifagia jioni ile mara mbili bila sababu.

Mvua ya kwanza ikanyesha Jumanne.
Jumatatu iliyofuata Foibe akaingia getini
na ungo wake, na yule mjukuu, sasa ana ndevu.
Akatazama chini.
Akatazama muda mrefu.
Nikakimbilia ndani kuleta mkataba,
sijui nilitaka kumthibitishia nini;
masijala haimtoki mtu.
"Usinisomee," akasema, "nakijua.
Shamba nilikuuzia.
Mvua sikukuuzia."

Nikafungua mdomo kusema habari ya fidia.
Ukafunguka, ukafungika.

Gidioni ndiye aliyeleta mtaimbo,
usingizi wa zamu bado machoni.
Akang'oa mstari mmoja kando ya ukuta wa mashariki,
tofali arobaini na mbili,
na mimi, Mungu anisamehe,
kila ilipotoka moja nilitaja bei yake moyoni.
Chini udongo ulikuwa mwekundu, baridi,
kama kitu kilichofumaniwa.

Wiki tatu. Ukaota.
Dada wa Kolo nao wakachuma, bila kipengele,
nikanyamaza.
Harufu ya mashudu ikapanda juu ya yote kama kawaida.

Jana mjukuu ameleta kopo la maziwa ya unga,
ndani mlenda mkavu, umetwangwa, umeshindiliwa:
"Bibi anasema ni wa mwenye nyumba."
Nikalifungua daftari, nikaandika tarehe:
*Kopo moja.*
Kalamu ikasimama kati ya safu mbili,
mapato huku,
madeni huku,
hadi king'ora cha zamu kikalia
na Gidioni akapita na taulo begani
akiuliza kama leo kuna maji.